Ajali ya Usiku Inayo Kinga

Katika lugha ya Kiswahili umo msemo unaotamkwa karibu kila mara panapotokea msiba wa barabarani: "Ajali haina kinga." Msemo huo huwaliwaza wafiwa, wala hauna ubaya ukitamkwa matangani. Ubaya wake huanza pale unapotamkwa kabla ya msiba, ukawa kisingizio cha kukaa bila kufanya lolote. Ajali nyingi zinazowapata waendao kwa miguu wakati wa usiku haziteremki ghafla kama radi. Zina sababu zinazojulikana, sababu zinazoweza kupimwa kwa mita na kwa sekunde, na nyingi katika hizo zaweza kupunguzwa na watu wa kawaida kwa vitu vilivyomo nyumbani mwao.

Mahali panapofaa kutazamwa kwa makini kuhusu jambo hili ni Gitaza, katika eneo la Muhuta, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Hapo hupita barabara kuu ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac. Kutoka Bujumbura hadi Gitaza ni kilometa zipatazo 30, na kutoka Gitaza hadi Rumonge ni kilometa zipatazo 45. Upande mmja wa barabara ni milima iliyosimama wima. Upande wa pili ni maji. Kati ya viwili hivyo umebaki ukanda mwembamba wa ardhi, na ukanda huo ndio unaobeba barabara, nyumba, maduka, masoko, shule na watu wote.

Ardhi yenyewe haitulii. Mwezi Machi 2015 mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya udongo Gitaza. Watu walipoteza maisha, nyumba zikabomoka na barabara ikakatika. Katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 ziwa nalo lilipanda na kuyafunika makazi na mashamba ya pwani. Mlima unaposukuma kutoka juu na maji yanaposukuma kutoka chini, binadamu hubanwa katikati, na katikati hapo ndipo palipo na barabara. Kwa hiyo mkazi wa Gitaza hana hiari ya kuiepuka. Akienda kisimani, sokoni, kanisani, msikitini, shuleni au ziwani, atapita barabarani, na mara nyingi atapita kukiwa na giza.

GIZA LINAPOINGIA

Burundi iko karibu na ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua huchwa karibu na saa kumi na mbili jioni. Huko pwani ya ziwa jua hujificha nyuma ya milima ya upande wa Kongo, na utusitusi haudumu. Baada ya muda usiozidi nusu saa usiku umekwisha kuwa usiku. Saa hiyo hiyo ndiyo ambayo barabara hujaa watu. Akina mama wanarudi kutoka sokoni na vikapu vyao kichwani. Vijana wa baiskeli wanasukuma madumu ya mawese na magunia ya makaa. Wafanyakazi wanashuka katika magari ya abiria. Watoto wanatumwa dukani kununua chumvi au kiberiti.

Wavuvi nao wana saa zao. Uvuvi wa ndagala, ambao upande wa Kigoma huitwa dagaa, hufanywa usiku kwa kuwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Mvuvi huondoka nyumbani jioni na kurudi alfajiri, mara zote mbili katika kiza. Tena, mbalamwezi inapokuwa kamili taa haziwavuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Maana yake ni kwamba usiku ambao barabara ina wavuvi wengi ndio huo huo usio na mwezi, ambapo dereva haoni chochote nje ya miale ya taa zake. Mke wa mvuvi aliyezoea kuhofia dhoruba ya ziwani yafaa aihofu pia safari fupi ya kutoka mlangoni kwake hadi mtumbwini.

Tena uhaba wa mafuta ya magari ulioikumba Burundi katika miaka ya karibuni uliwalazimisha watu wengi kukata masafa marefu kwa miguu baada ya kukosa usafiri. Mtu aliyesimama kituoni tangu saa kumi alasiri bila kupata gari, mwishowe huamua kutembea, na safari yake huishia usiku.

Hatari hii si ya Burundi peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka. Katika kila watu mia wanaokufa hivyo, 23 ni waendao kwa miguu. Tena ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Katika Afrika vifo hivyo viliongezeka kwa asilimia 17 kati ya mwaka 2010 na 2021.

HESABU YA MITA NA SEKUNDE

Ili kuelewa kwa nini usiku huua, inafaa kufanya hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuifuata.

Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hukata karibu mita 17 katika kila sekunde moja. Dereva anapoona kitu mbele yake, huhitaji kama sekunde moja na nusu kukitambua na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 25. Kisha breki zenyewe, katika lami kavu na zikiwa nzima, huhitaji mita 20 nyingine. Jumla ni mita 45. Kwa mwendo wa kilometa 80 jumla hiyo hukaribia mita 70. Kwa mwendo wa kilometa 40 hushuka hadi mita 26 hivi. Mvua ikinyesha au matairi yakiwa yamelika, masafa hayo huongezeka sana.

Sasa yatazamwe macho ya dereva. Anapotumia taa za mwanga mfupi, kama impasavyo anapopishana na wenzake, mtu aliyevaa nguo nyeusi au za rangi ya kiza humwona akiwa karibu mita 30 tu. Aliyevaa nguo nyeupe huweza kumwona katika umbali unaokaribia mara mbili ya huo. Aliyevaa kiakisi, yaani kitambaa au plastiki inayourudisha mwanga kule ulikotoka, huonekana kutoka mita 150 hata zaidi.

Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja, jibu lake ni zito. Dereva wa mwendo wa kilometa 60 anahitaji mita 45 ili asimame, lakini mtu mwenye nguo nyeusi humwona katika mita 30. Hata kama dereva huyo ni hodari, hakunywa pombe wala hakusinzia, atamgonga. Mtu yule yule akiwa na kiakisi huonekana sekunde tisa kabla ya gari kumfikia. Tofauti ya sekunde mbili na sekunde tisa ndiyo tofauti ya maziko na kufika nyumbani salama.

Lipo kosa moja la mawazo linalowaangamiza wengi. Mwenda kwa miguu huliona gari kutoka mbali sana kwa sababu lina taa, naye hudhani kwamba kama yeye analiona gari, basi dereva naye anamwona. Sivyo hata kidogo. Aliyeko gizani humwona aliyeko katika mwanga, lakini aliyeko katika mwanga hamwoni aliyeko gizani. Kila mzazi angewafundisha wanawe neno hili moja tu, angekuwa amefanya kazi kubwa.

UPANDE WA KUPITA

Nchini Burundi magari hupita upande wa kulia, kama ilivyo Rwanda na Kongo. Mwenda kwa miguu, pasipo na njia yake maalumu, yampasa apite upande wa kushoto ili ayakabili magari yanayomjia. Hapo huliona gari linalokuja karibu naye, na likipotea njia aweza kuruka kando. Anayepita upande wa kulia huyapa magari mgongo, na jambo la kwanza analolijua ni kishindo.

Kwa wakazi wa Gitaza sheria hiyo ni rahisi kuikumbuka, kwa kuwa ziwa liko magharibi. Aendaye Bujumbura apite upande wa ziwa. Aendaye Rumonge apite upande wa mlima. Hata mtoto mdogo asiyejua kulia na kushoto anajua ziwa liko wapi na mlima uko wapi.

Wasafiri na wafanya biashara wavukao mpaka wa Mugina na Manyovu kwenda Kasulu na Kigoma yafaa wawe na hadhari zaidi. Tanzania magari hupita kushoto. Kwa hiyo huko mwenda kwa miguu hupita kulia. Aliyezoea desturi ya nchi moja hutazama upande usio wake anapotaka kuvuka katika nchi nyingine. Dawa yake ni kutazama pande zote mbili, tena mara mbili, kabla ya kuweka mguu barabarani.

Liko jambo lingine linalotokana na tofauti hiyo. Magari mengi yanayoendeshwa Burundi yaliundwa kwa ajili ya nchi zinazopita kushoto, na usukani wake uko kulia. Taa za magari ya namna hiyo zimepangwa ziangaze zaidi ukingo wa kushoto na kuinama upande wa kulia. Zikitumika katika nchi inayopita kulia bila kurekebishwa, mwanga wake hupiga machoni mwa madereva wanaokuja, na ukingo wa kulia, anaposimama mwenda kwa miguu, hubaki gizani. Mwenye gari la aina hiyo amwone fundi azirekebishe au azibadilishe taa zake. Aidha, gari la abiria lililoundwa kwa nchi hizo mlango wake hufungukia katikati ya barabara. Abiria anaposhuka humo usiku ashuke taratibu, atazame nyuma kwanza, na amshike mtoto mkono kabla mguu wa mtoto haujagusa lami.

Ashukaye katika gari lolote asivuke mbele yake. Gari lililosimama humficha mtu, na dereva anayelipita hamwoni mpaka amekwisha kumfikia. Asubiri liondoke, barabara iwe wazi, ndipo avuke.

YA NYUMBANI

Mama wa nyumbani hawezi kuijenga upya barabara, lakini anayo mamlaka makubwa juu ya yale yatokayo mlangoni mwake. Haya ndiyo yawezayo kufanywa bila gharama kubwa.

Kwanza, kila nyumba iwe na nguo nyeupe ya kutokea usiku: kanga yenye weupe mwingi, shati kuukuu, au hata shuka. Itundikwe karibu na mlango ili atokaye aijitupie mabegani. Nyeupe si sawa na kiakisi, lakini ni bora mara mbili kuliko nyeusi. Rangi nyekundu, ambayo mchana huonekana sana, usiku hufifia na kuwa kama nyeusi.

Pili, vitafutwe viakisi. Utepe wake hupatikana katika fulana za kazi za mafundi wa barabara, na fulana iliyochakaa yaweza kukatwa vipande. Kipande kimoja kishonwe katika mkoba wa shule wa mtoto, kingine katika kikapu cha sokoni, kingine katika mkanda wa mvuvi. Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye vifundo vya miguu na viwiko vya mikono, kwa sababu viungo hivyo hucheza mtu anapotembea, na dereva hutambua mara moja kwamba mbele yake yuko binadamu, wala si jiwe au kigingi. Nchini Finland, ambako usiku wa majira ya baridi ni mrefu mno, sheria inamtaka mwenda kwa miguu avae kiakisi anapotembea gizani. Huko kitu hicho kidogo huning'inizwa kwenye koti la mtoto kama hirizi.

Tatu, tochi. Simu nyingi za mkononi sasa zina taa. Mwanga uelekezwe chini mbele ya miguu, wala usielekezwe machoni mwa dereva, maana dereva aliyepofushwa ni hatari kuliko dereva asiyeona vizuri. Watu wakitembea kwa kundi, wapange mstari mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele na wa nyuma washike taa. Watoto wakae upande wa ndani, mbali na magari.

Nne, yapunguzwe matumizi ya usiku. Chumvi, kiberiti na sabuni vinunuliwe mchana. Mtoto mdogo hana uwezo wa kupima mwendo wa gari, na kimo chake kifupi humficha. Kumtuma avuke barabara saa mbili usiku kwa ajili ya sabuni ya faranga chache ni kuweka rehani kisichokombolewa.

Tano, mlevi asiachwe arudi peke yake. Mara nyingi husemwa juu ya dereva mlevi, na ni haki. Lakini mwenda kwa miguu aliyelewa naye huyumba mpaka katikati ya lami, na wengine hulala papo hapo. Ndugu na marafiki wamsindikize, au wamlaze walipo mpaka kupambazuke.

YA ASKARI NA YA DEREVA

Askari ana shida ya pekee. Sare ya mabaka ya mwanajeshi imeshonwa ili asionekane, na sare ya buluu ya polisi hupotea katika kiza. Sifa hiyo, ambayo vitani ni ngao, barabarani huwa adui. Askari anayerudi nyumbani baada ya zamu ya usiku ajifunge kiakisi juu ya sare yake. Polisi aliyewekwa kwenye kizuizi asisimame bila fulana ya kung'aa, na taa itangulie kizuizi kwa masafa ya kutosha, ili dereva apate nafasi ya kupunguza mwendo. Kamba iliyotandwa gizani bila taa ni mtego kwa mwendesha pikipiki na kwa askari anayeishika.

Vikosi vinavyotoka kwa mchakamchaka kabla ya mapambazuko navyo vina kanuni yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unatofautisha mtu mmoja mmoja na kundi linaloongozwa. Mtu mmoja huyakabili magari. Kundi linaloongozwa na mkuu wake hufuata upande wa magari, na usiku hubeba taa nyeupe au ya manjano mbele na taa nyekundu nyuma. Kiongozi wa kikosi asiwatoe vijana wake langoni pasipo taa hizo mbili.

Kwa upande wa dereva, kanuni kubwa ni moja: asiende mwendo ambao hautamwezesha kusimama ndani ya masafa anayoyaona. Katika vijiji vilivyobanwa kama Gitaza, kilometa 40 kwa saa usiku si woga. Ni hesabu iliyokwisha kuonyeshwa hapo juu. Anapopishana na gari jingine apunguze mwanga, atazame ukingo wake wa kulia, wala asizikodolee macho taa za mwenziwe, kwa kuwa jicho lililopigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudia hali yake. Kioo na taa vifutwe vumbi na matope kabla ya safari. Gari lenye taa moja lisitembee usiku, maana wengi hudhani ni pikipiki na kuliachia nafasi ndogo. Lori likiharibika, desturi ya kuweka matawi ya miti barabarani ni nzuri mchana tu. Usiku matawi hayaonekani, na lazima pawekwe kibao kinachoakisi mwanga au taa.

Ikitokea bahati mbaya mtu akagongwa, jambo la kwanza ni kumweka mtu mwenye taa mbele na nyuma ya mahali hapo, ili gari la pili lisije likawaangamiza majeruhi pamoja na wanaomsaidia. Majeruhi asinyanyuliwe hovyo kwa mikono na miguu, kwa kuwa uti wa mgongo uliovunjika huweza kuharibiwa zaidi. Azuiwe damu kwa kitambaa safi, afunikwe asipate baridi, na atafutiwe msaada wa tabibu upesi.

BARABARA NZURI NA WAJIBU WAKE

Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa kutengeneza kilometa 45 za barabara kati ya Rumonge na Gitaza, pamoja na kilometa 260 za Kabingo, Kasulu na Manyovu katika nchi jirani ya Tanzania. Barabara nzuri ni baraka: samaki hufika sokoni wangali wazima, na mgonjwa hufika hospitali. Lakini lami laini huongeza mwendo, na mwendo huongeza ukali wa ajali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu anayegongwa na gari la kilometa 65 kwa saa yumo katika hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa kwa kilometa 50. Kwa hiyo barabara inapotengenezwa, wakuu wa mitaa na wananchi wadai mapema njia ya waendao kwa miguu, matuta karibu na shule na masoko, na taa mahali watu wanapovukia. Ni rahisi kuviweka vitu hivyo wakati mafundi wangali kazini kuliko kuviomba baada ya makaburi kuchimbwa.

Hata hivyo nyumba isisubiri njia hiyo ijengwe. Leo jua litachwa saa kumi na mbili kama jana, na mvuvi atashika njia ya ziwani. Kabla hajatoka, mkewe amtazame alivyovaa. Ikiwa ni nguo ya kiza tangu kichwani hadi miguuni, amrudishe ndani kidogo, ampe shati jeupe, amfunge utepe vifundoni, na amkumbushe upande wa kupita.